Mfuniko wa Bakuli la Jirani

Mfuniko uliungua Jumatano, saa saba mchana, mbele ya macho yangu, nikiwa nasoma tasnifu ya mtu mwingine.

Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Watu wanaosoma vyuo vya mbali hunitumia maandishi yao, nami huwanyooshea sentensi. Naifanyia Kasingirima, hapa Kigoma, katika nyumba aliyoiacha baba yangu, nyumba ya vyumba vinne ambamo natumia kimoja na nusu. Nilirudi kutoka Dar es Salaam miaka mitatu iliyopita. Mke wangu alibaki huko, kwa makubaliano ambayo hatujawahi kuyatamka, na watoto ni watu wazima wanaopiga simu Jumapili huku wakifanya jambo jingine. Marafiki niliwaambia nakwenda kuandika kitabu karibu na ziwa. Kitabu kina kurasa kumi na moja. Ziwa lipo.

Siku hiyo nilikuwa nimeweka sufuria kwenye jiko la gesi nipashe moto sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na mfuniko wa bakuli nikauweka pembeni, juu ya jiko lile lile, kwenye kichomeo cha pili. Ningeapa kwamba kichomeo hicho kilikuwa kimezimwa. Harufu ndiyo iliyoniinua. Nilipofika, kilichokuwa mfuniko wa kijani kilikuwa kimejikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, kikidondoka kwenye chuma tone moja moja.

Ningeutupa na kuusahau, kama bakuli lingekuwa langu.

Bakuli lilikuwa la mama anayekaa nyumba ya pili kutoka kwangu, upande wa ziwani. Ni mjane wa miaka sabini na ushei, aliyeuza mawese sokoni Ujiji mpaka magoti yakamkatalia. Nilipohamia alinichunguza kwa wiki mbili. Akaona mwanamume mzima anayenunua mkate kila jioni. Wiki ya tatu akagonga mlango.

"Mwanangu, huko Dar mlikuwa hamli?"

"Tulikuwa tunakula, mama."

"Basi hukuwa unaangalia namna wanavyopika."

Tangu hapo bakuli lilikuja kila Jumatano na kila Jumamosi, adhuhuri. Sombe iliyoungwa kwa mawese, maharage, wakati mwingine mgebuka, samaki wa ziwani, wa kukaanga uliokatwa vipande viwili ili uenee. Hakai. Anasema hodi, anakabidhi, anauliza kama nimelala salama, anaondoka. Nami nikimaliza kula naosha bakuli, natia kitu ndani, nalirudisha. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, na hilo sikuhitaji kufundishwa chuoni. Shida yangu ilikuwa nitie nini. Mara ya kwanza nilitia chumvi pakiti mbili. Akafungua, akatazama, akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa unanitakia kiu." Baadaye nikajifunza: parachichi, sukari, tangawizi, vitumbua kutoka kwa mama wa njia panda.

Niseme wazi, kwa kuwa ndilo jambo lenyewe: katika wiki nzima, bakuli hilo ndilo lilikuwa kitu pekee kilichogonga mlango wangu. Wengine wote walinijia kupitia kioo cha kompyuta. Bakuli likiacha kuja, ningeweza kukaa kutoka Jumapili hadi Jumapili bila mtu kuniona, na mtu wa kwanza kugundua angekuwa yule mwanafunzi aliyechelewa kurudishiwa sura ya nne.

Mtu wa kawaida angevuka hatua arobaini za kufika kwake akasema, "Mama, mfuniko umeungua, unisamehe." Mimi nimesoma. Niliamua kutengeneza mwingine.

Inabidi nikiri kwamba nilianza chuo nikisomea uhandisi, nikadumu mwaka mmoja kabla ya kukimbilia fasihi. Mwaka huo uliniachia imani kwamba ningekuwa mhandisi mzuri kama ningetaka. Ni imani isiyodhuru mtu hadi siku atakayopata nafasi ya kuijaribu. Nilijua pia kwamba mjini Kigoma, mtaa wa nyuma ya stesheni ya reli, kuna duka la kutoa fotokopi ambalo dada mwenye duka amerithi, kutoka mradi fulani uliokwisha, mashine ya kuchapa vitu: unaipa mchoro wa kompyuta, nayo inayeyusha uzi wa plastiki na kukijenga kitu tabaka kwa tabaka. Anaitumia kutengeneza vifundo vya majiko na gia za cherehani. Nikampigia.

"Mfuniko naweza," alisema. "Lakini mchoro ulete wewe. Mimi sichori, mimi nachapa."

"Nitauchora mwenyewe," nilisema, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuchora.

Nilipakua programu ya bure ya usanifu. Inafunguka na uwanja wa kijivu usio na mwisho, na mistari mitatu inayokutana katikati: mmoja mwekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu. Hakuna kitu kingine. Nilikaa nikiutazama uwanja ule asubuhi nzima. Ulifanana mno na sebule yangu.

Nikaazima kwa fundi baiskeli kalipa yake, ile rula ya chuma yenye taya mbili za kubana kitu unachopima. Nikabana mdomo wa bakuli: milimita mia na sitini na mbili. Nikachora duara. Nikalivuta juu milimita mbili likawa sahani. Nikalizungushia ukingo wa kushuka nje ya mdomo wa bakuli. Video niliyokuwa nikiifuata ilikuwa na kijana anayezungumza haraka kama anadaiwa, lakini jambo moja alilirudia mara tatu: acha nafasi. Vitu viwili vyenye kipimo kimoja kabisa haviingiani. Kati ya chombo na mfuniko wake acha sehemu ndogo ya milimita, la sivyo ama havifungiki, ama vikifungika havifunguki. Nilisimamisha video hapo, nikaenda kuchemsha chai. Nilikaa na mke wangu miaka kumi na tisa katika nyumba ya vyumba viwili, na hakuna aliyetuambia.

Jumamosi ilifika na mimi bado nina bakuli. Sikuwa nimepanga hivyo, ila ndivyo mambo yalivyo: chombo kikiwa kwangu, hakiwezi kuja kwangu. Adhuhuri nilisikia kandambili zake uani kwake. Nilisubiri. Hakuja. Nikajiambia ni jambo la kawaida, atakuwa anangoja bakuli. Nikala mkate.

Jumatatu nilimtumia dada wa mashine faili. Akajibu baada ya dakika tano: "Mzee, huu ni mfuniko wa bakuli au wa kisima?"

Nilikuwa nimeingiza kipenyo mahali pa nusu kipenyo. Duara langu lilikuwa na upana mara mbili ya lilivyotakiwa, na lisingeingia hata kwenye mashine yake. Niliomba radhi, nikarekebisha, nikatuma tena. Akasema utakuwa tayari Alhamisi, umeme ukipenda.

Umeme haukupenda. Ulikatika mfuniko ukiwa nusu, na mashine hiyo ikikatikiwa njiani haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Alhamisi ikawa Jumatatu. Katikati hapo zilipita Jumatano nyingine na Jumamosi nyingine.

Ilikuwa Jumamosi hiyo ya pili nilipofanya kosa kubwa. Nilikuwa nimekaa na bakuli mbele yangu mezani, na nililiona kwa mara ya kwanza sawasawa. Ndani lilikuwa na rangi ya machungwa, siyo doa, rangi nzima, kuanzia chini hadi mdomoni. Kila mtu wa Kigoma anaijua. Mawese yakikaa kwenye plastiki hayatoki. Kila nyumba ina ndoo, kikombe na kijiko cha rangi hiyo, na hakuna anayehangaika nayo. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimechelewa na nilitaka kuchelewa kwangu kuwe na sababu ya heshima, niliamua kulirudisha likiwa jipya. Nikachemsha maji, nikatia sabuni ya unga, nikajaza bakuli hadi juu maji yakiwa bado yanatokota, nikaliacha. Kisha nikalianika kwenye jua la saa nane. Nikarudia mara tatu. Jioni lilikuwa jeupe kidogo, kama ukucha.

Nikiwa naliingiza ndani, nilimwona mama akipita barabarani. Alikuwa amebeba sufuria ndogo, juu yake sahani ya bati iliyogeuzwa, ameishika kwa kitambaa. Alipita mlango wangu. Hakupunguza mwendo wala hakuuongeza. Akaingia nyumba ya tatu kutoka kwangu, upande wa pili, alikohamia nesi mmoja mgeni, mjamzito, ambaye mume wake yuko kazini Mpanda. Nilisikia hodi, nikasikia karibu, nikasikia kicheko cha wanawake wawili. Nilisimama na bakuli langu safi kama mtu aliyeshika kofia msibani.

Hapo pia ningeweza kuvuka. Zilikuwa hatua arobaini zile zile. Lakini sasa nilikuwa na aibu mbili, ya kuunguza na ya kukaa kimya, na mfuniko ungekuwa tayari Jumatatu, nami nikajishawishi kwamba mtu anayekuja na mfuniko mpya mkononi haulizwi maswali.

Jumatatu nilipanda bajaji hadi mjini. Mfuniko ulikuwa mweupe, mwepesi, una mistari midogo kama ya ukucha wa kidole gumba. Ulikuwa mzuri. Niliushika njia nzima. Nyumbani nikauweka juu ya bakuli.

Upande mmoja uliingia. Upande wa pili ukabaki juu, kama mdomo wa mtu asiyekubaliana na wewe. Nikabonyeza huko, huku kukainuka. Nikazungusha. Nikabonyeza tena. Nusu saa nzima. Kisha nikapanda bajaji nyingine, safari hii na bakuli.

Dada wa mashine alilichukua, akaliinua usawa wa macho, akalizungusha taratibu. Akatoa kalipa yake, akapima. Akageuza kidogo, akapima tena.

"Ulipima mara ngapi?"

"Mara moja. Ni duara."

"Huku mia hamsini na nane. Huku mia sitini na tano." Akaliweka mezani. "Hili si duara, mzee. Hili ni yai. Ulilichemsha?"

Nikageukia mashine ya fotokopi.

"Ulilichemsha," akasema. "Ulikuwa unatoa mawese?"

"Nilikuwa nalisafisha."

Akamgeukia mteja aliyekuwa anangoja fotokopi, mama mmoja mwenye bahasha. "Huyu baba alikuwa anatoa mawese kwenye plastiki."

"Yakatoka?" mama wa bahasha akauliza, kwa hamu ya kweli.

"Kidogo," nikasema.

"Eh! Na umbo la bakuli likatoka nayo," dada akadakia. Wakacheka mpaka mmoja akaegemea mashine ya fotokopi. Nilicheka nao. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka na watu tangu mfuniko uungue, na niliona haya kugundua kwamba nilitamani mama wa bahasha asiondoke upesi.

Dada alinifundisha kupima: mara nane, kila baada ya pembe kadhaa, na kuandika. Nikarudi kwenye uwanja wangu wa kijivu. Duara nililifuta. Mahali pake nikachora umbo ambalo mwalimu wetu wa hesabu aliliita duaradufu, neno nililolipenda nikiwa na miaka kumi na mitano na ambalo sikuwahi kulihitaji hata siku moja mpaka hapo. Lakini bakuli halikuwa duaradufu safi pia. Lilikuwa na bonde dogo upande mmoja, pale lilipoegemea ukuta juani. Nikalifuata bonde hilo, nukta kwa nukta, siku nne. Tasnifu zilisubiri. Nilipunguza hapa robo milimita, nikaongeza pale, nikaacha nafasi kama kijana wa video alivyoagiza. Kwa kuwa mfuniko wa aina hiyo unakubali kukaa upande mmoja tu, nikaweka alama: kijipembe kidogo kwenye ukingo, cha kuelekezwa kwenye bonde la bakuli. Nilijivunia kijipembe kile kuliko kurasa zangu kumi na moja.

Mfuniko wa pili ulikaa. Unaelekeza kijipembe, unabonyeza, unasikia taki, na unaweza kuligeuza bakuli juu chini na maji ndani. Nililigeuza mara nyingi juu ya sinki, peke yangu, na maji hayakumwagika hata mara moja.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Tangu mfuniko uungue, mwezi ulikuwa umekaribia kutimia. Nikatia vitumbua kumi, nikabonyeza taki, nikavuka.

"Hodi."

"Karibu." Alikuwa uani, anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe uko hai."

"Niko hai."

"Mwanzo nilidhani umesafiri. Kisha nikaona nguo zako kwenye kamba. Nikasema, basi, mwanangu amechoka na mboga zangu, ameona haya kusema, ameona bora akae na bakuli." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayeeleza bei ya dagaa. "Mtu akichoka huwa anakaa na bakuli."

Hilo nilikuwa nalijua. Nilizaliwa hapa. Chombo cha mtu kikilala kwako kupita kiasi, umeshatoa jibu, na mwenye akili hakuulizi. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Kwa karibu mwezi mzima, huku nikipima robo milimita, nilikuwa nikimwambia kila siku asije.

Nikamweleza yote. Jiko, kompyuta, mashine nyuma ya stesheni, duara, yai. Alisikiliza ungo ukiwa magotini.

"Mfuniko," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Ule wa kijani? Ule ulikuwa haufungi. Nilikuwa nauweka tu inzi wasiingie." Akanipokea bakuli, akachungulia ubavuni. "Na rangi yake iko wapi?"

"Nimeitoa."

"Eee." Akapitisha kidole mdomoni mwa bakuli, akakuta bonde. "Nimelitumia hili tangu mzee wangu yupo. Ukalitoa rangi." Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Akajaribu kufungua. Vidole vyake vimevimba kwenye maungio, na ukingo wangu ulikuwa laini, hauna pa kushika. Alibana, akavuta, akaweka bakuli kati ya magoti. Mimi nilisimama pale kama mtu anayetazama gari lake likisukumwa. Mwishowe nikasema, "Niruhusu, mama," nikaufungua. Nikamwonyesha kijipembe: hiki kinaelekea huku, kisha unabonyeza.

"Kumbe una masharti kama dawa," akasema. Akachukua kitumbua. "Kutwa mara mbili."

Nikacheka. Kisha, kwa kuwa nilishazoea kuchelewa, nikauliza kilichonileta. "Kwa hiyo Jumamosi, mama?"

Akatafuna hadi akamaliza. "Jumamosi nimempa yule binti nesi. Hawezi kusimama jikoni, miguu imemvimba. Na mimi nguvu zangu si za kupika kwa nyumba tatu." Akanitazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Jumatano ipo. Jumatano sikumpa mtu."

Kesho yake bakuli lilikuja. Hodi ile ile, umelala salama ile ile. Alipoondoka nikaona mfuniko wangu ulikuwa umegeuzwa: upande wa juu chini, ukingo ukitazama dari, kijipembe kikielekea upande wowote. Umewekwa tu, inzi wasiingie. Ukiwa hivyo haufungi chochote, na mtu mwenye vidole vilivyovimba anaunyanyua kwa kiganja. Nilisimama nao mkononi kwa muda. Kisha nikala. Ilikuwa sombe.

Imepita miezi kadhaa sasa, na kila Jumatano unakuja umegeuzwa, na sijawahi kusema kitu. Umeanza kushika rangi ya machungwa upande usiotakiwa. Faili la mchoro bado ninalo. Wakati fulani nalifungua, nauzungusha mfuniko kwenye uwanja wa kijivu, mweupe na sahihi, kisha nalifunga.

Jumamosi ndizo bado sijazizoea. Adhuhuri nasikia kandambili zake zikipita mlangoni kwangu kwenda nyumba ya tatu. Hazipunguzi mwendo. Jumamosi moja nilijaribu kupika maharage mwenyewe, na yalikuwa mengi kuliko mtu mmoja. Bakuli lilikuwa kwangu bado, tangu Jumatano. Nikatia maharage, nikaelekeza kijipembe kwa mazoea, nikakaribia kubonyeza. Nikaacha. Nikaugeuza mfuniko juu chini kama anavyofanya yeye, nikavuka.

Hakuwepo. Alikuwa bado kwa nesi, nilisikia sauti zao. Nikakaa barazani kwake, bakuli mapajani likiwa bado la moto, nikamsubiri.